Presha kuka ya umeme: maharage kwa shilingi 150, na mambo yanayoiua kabla ya wakati

Nusu kilo ya maharage makavu, maji lita moja na nusu, chumvi baadaye. Kwenye presha kuka ya lita 6 yenye wati 1,000, maharage hayo yanaiva kwa uniti 0.35 hadi 0.45. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yule anayepata kama uniti 28 kwa shilingi 10,000, hiyo ni shilingi 125 hadi 160. Kwa mteja wa D1, daraja la watumiaji wadogo, ambaye uniti inamwangukia kama shilingi 122 kodi ikiwa ndani, haifiki 60. Maharage hayohayo yakiinjikwa kwenye jiko la mkaa yanakaa saa mbili na ushee na kula karibu kilo nzima ya mkaa. Kwenye gesi yanakula gramu 200 hadi 250, na mtungi wa kilo 6 ukiwa shilingi 24,000, hapo umechoma 800 hadi 1,000.

Usidhani ni kwa sababu umeme ni rahisi. Chukua sufuria ya kawaida, iweke juu ya jiko la umeme la koili, chemsha maharage hayohayo mpaka yaive: utakula uniti moja na nusu mpaka mbili, yaani shilingi 535 hadi 715. Umeme ni uleule, LUKU (mita ya kulipia kabla) ileile. Tofauti iko kwenye mfuniko na kwenye koti la chombo chenyewe. Presha ya ndani inapanda hadi takriban kilopaskali 70 juu ya hewa ya nje, na maji badala ya kuchemka kwa nyuzi 100 yanafika 115 hivi. Chakula kinaiva upesi kwa sababu ya nyuzi hizo 15 za ziada. Halafu mvuke hautoki, kwa hiyo moto ulioingia unabaki ndani. Umeme unaliwa hasa katika dakika 12 hadi 18 za kwanza, wakati presha inapanda. Baada ya hapo chombo kinajizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi tu. Ndiyo maana kupika dakika 40 au dakika 25 hakubadilishi bili kwa kiasi cha kutisha, bali kujaza maji kupita kiasi kunaibadilisha. Kila lita ya ziada ni kama uniti 0.1 inayopotea bure.

Walio nyanda za juu wana sababu zaidi ya kukinunua. Mjini Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, na Nairobi ni hivyohivyo. Anayelalamika kwamba maharage ya huko hayaivi hana kosa, na maharage nayo hayana kosa. Presha kuka inarudisha nyuzi zilizopotea na kuongeza nyingine. Ila ratiba za kwenye kijitabu zimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, kwa hiyo kwa miinuko hiyo ongeza muda kama asilimia 15 hadi 20.

Sasa vyakula. Maharage makavu yasiyolowekwa: dakika 35 hadi 45 baada ya presha kupanda. Yaliyolowekwa usiku kucha: 12 hadi 20, kutegemea aina na umri wake, maana maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima ni magumu na hayadanganyiki. Makande ya mahindi yaliyokobolewa: loweka, kisha 50 hadi 60. Nyama ya ng'ombe ya mchanganyiko 25 hadi 30. Kuku wa kienyeji 30 hadi 35. Utumbo 35 hadi 40, makongoro saa nzima, na hapa ndipo chombo kinapojilipa haraka kuliko popote, kwa sababu makongoro ya mkaa ni kazi ya nusu siku. Ndizi nyama: pika nyama kwanza, shusha presha, tia ndizi, dakika 6 hadi 8 tena. Wali: kikombe kimoja cha mchele uliooshwa kwa kikombe kimoja na robo cha maji, dakika 8, kisha acha dakika 10 bila kugusa vali. Mpenda ukoko atasikitika. Tui zito la nazi litie mwishoni, mfuniko ukiwa wazi, kwa sababu chini ya presha linakatika na kubaki mafuta juu na maji chini.

Kujaza kuna mipaka miwili, na wengi wanaijua mmoja tu. Chakula cha kawaida kisipite theluthi mbili za sufuria ya ndani. Maharage, choroko, mchele na chochote kinachofura au kutoa povu kisipite nusu. Povu la maharage likipanda linaziba tundu la mvuke, na vali iliyoziba ndiyo ajali. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye maharage kinapunguza povu. Upande wa chini, kusiwe na kioevu kisichofika robo lita, la sivyo hakuna mvuke wa kujenga presha na chakula kinaungua.

Ugali? Hapana. Inawezekana kuchemsha maji kwa kitufe cha kukaangia na kusonga humohumo, ila sufuria ya ndani haina mikono, inazunguka, na mwiko unakwangua rangi nyeusi ya ndani ambayo ndiyo inayozuia kushika. Chapati hapana, maandazi hapana, samaki wa kukaanga hapana. Na hili lisemwe bila kuzungusha maneno: usifunge mfuniko ukiwa na mafuta mengi ndani kwa nia ya kukaangia chini ya presha. Mpira wa mfuniko haukutengenezwa kwa joto la mafuta, na mafuta yenye nyuzi 170 yakitoka kwa nguvu hayana mjadala.

Maana yake ni kwamba nyumba inayokula ugali kila usiku bado inahitaji moto mwingine. Presha kuka haifuti jiko, inafuta ile sehemu ya upishi inayokula mkaa mwingi kuliko zote, yaani kuchemsha kwa muda mrefu. Ukiikosoa kwa kushindwa kusonga ugali unaionea. Ukiinunua ukidhani utatupa jiko la mkaa kesho yake, umedanganywa na muuzaji. Gesi ya kilo 6 kwa ugali, chai na kukaanga, presha kwa vyakula vigumu kuiva: nyumba ya mjini yenye mpangilio huo inaweza kukaa wiki nzima bila kununua kopo la mkaa.

Kuhusu misitu, hesabu ni hii. Tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Nyumba inayochemsha vigumu mara nne kwa wiki inaacha kuchoma kama kilo 200 za mkaa kwa mwaka, ambazo zilikuwa tani 1.2 hadi 2 za miti ya miombo. Takwimu ya serikali inayotajwa kila mara ni hekta 469,000 za misitu zinazopotea Tanzania kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hizo, hata hivyo, ni mashamba mapya, si mkaa peke yake. Mti wa miombo uliokatwa kwa mkaa unachipua tena kutoka kisikini ukiachwa. Usipochipua, mara nyingi ni kwa sababu baada ya mchoma mkaa amekuja mkulima na kiberiti, au ng'ombe wengi. Kwa hiyo anayekuambia presha kuka itaokoa misitu anauza presha kuka. Inapunguza mahitaji ya mkaa mijini, basi, na hilo si dogo.

Faida iliyo karibu zaidi ni kifua. Serikali inataja vifo vya Watanzania 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Mkaa hauna moshi mwingi kama kuni na ndiyo maana watu wanauingiza chumbani, kumbe unatoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo inaua aliyelala. Chumba kimoja cha kupanga, mlango umefungwa kwa mvua, jiko ndani: hapo presha kuka ina thamani ambayo haimo kwenye hesabu za LUKU.

Umeme wenyewe nao haukushuka kutoka mbinguni. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, ndilo lililogeuza maneno ya kupika kwa umeme kutoka ndoto kuwa sera. Limejengwa ndani ya eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, Urithi wa Dunia tangu 1982, na wahifadhi walipinga sana. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi mwishoni mwa kipindi hicho. Sera ni nzuri kwenye karatasi, lakini kwa mtu wa Tandale, Dar es Salaam, inakutana na swali moja dogo: LUKU ni ya nani?

Katika nyumba nyingi za kupanga, vyumba sita vinatumia mita moja. Mwenye nyumba amekataza pasi na jiko la umeme, na bili inagawanywa kwa vichwa au kwa idadi ya taa. Hapo huwezi kuingia na chombo cha wati 1,000 na kueleza kilopaskali. Dawa yake ni mita ndogo ya kusomea, inayofungwa na fundi mwenye leseni kwenye waya unaoingia chumbani kwako. Ukionyesha kwa mwezi mzima kwamba presha imekula uniti 10 au 12, mabishano yanaisha, au angalau yanakuwa mabishano ya tarakimu. Mwanzo wa mwezi kumbuka kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, usije ukasingizia maharage.

Wa D1 aangalie jambo moja. Bei ile ya chini inamhusu anayebaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Presha inayotumika kila siku inaongeza kama uniti 12 hadi 20. Kama taa, televisheni na feni tayari vinakula 40, uko salama. Kama kuna friji, piga hesabu kwanza, maana uniti za juu ya 75 zinatozwa bei kali. Kenya ni kubana zaidi: tangu 2023 daraja la bei ya chini kabisa limeshushwa kutoka uniti 100 hadi 30, na nyumba iliyokuwa chini yake kidogo tu inaweza kusukumwa juu na sufuria hii.

Waya. Wati 1,000 kwenye volti 230 ni ampea 4.3, kitu ambacho soketi yoyote ya ampea 13 iliyofungwa kwa waya wa milimita 2.5 inakibeba bila kujua. Kinachoungua ni ekstensheni za bei ya chini, zile nyembamba zinazotandazwa chini ya zulia. Tumia yenye waya usiopungua milimita 1.5, na ikiwa presha imechomekwa humo, pasi na birika visichomekwe. Vyombo vingine vinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo na adapta. Adapta nyingi za sokoni hazipitishi ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Chombo cha chuma, chenye maji, bila ethi, kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, kwa mpishi aliye pekupeku: kata hiyo plagi, weka ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, na hakikisha waya wa kijani na njano umefika mahali pake.

Saa moja usiku umeme wa mitaa ya mwisho wa laini unashuka, taa zinakuwa nyekundu. Volti zikiwa 180, chombo cha wati 1,000 kinabaki na wati kama 610, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Presha iliyokuwa inapanda kwa dakika 15 sasa inahitaji 25 au zaidi. Si kwamba chombo kimekufa. Pika mchana au alfajiri. Umeme ukikatika katikati ya safari usifungue: joto lililomo linaendelea kuivisha kwa dakika 20 hivi. Umeme ukirudi, washa kwa muda uliobaki, usianze upya, la sivyo utakuta uji wa maharage.

Dukani, Kariakoo au kwingine, usianzie kwenye idadi ya vitufe. Vitufe 14 vyenye picha za keki na mtindi vinafanya kazi ileile ya kubadilisha dakika. Anza na sufuria ya ndani: itoe, ipime kwa mkono. Nyepesi kama kopo itapinda chini, na ikipinda haigusani vizuri na sahani ya moto, inapika upande mmoja. Ya chuma cha pua inadumu kuliko ya rangi nyeusi, ingawa inashika zaidi. Geuza mfuniko, vuta mpira wake, utazame umekaa sawa kwenye waya wake pande zote. Bonyeza kile kitufe cha mduara katikati ya sahani ya moto ndani: kiwe na springi, kirudi juu. Hicho ndicho kihisi joto. Inua kipini kidogo cha mfunikoni kinachopanda na kushuka. Kiende bila kukwama. Kisha muulize muuzaji swali linalotenganisha duka na kibanda: mpira wa akiba wa modeli hii unao? Kama hana, nenda duka la pili. Mpira unaisha kati ya mwaka na mwaka na nusu kwa matumizi ya kila siku, na presha isiyo na mpira ni sufuria ghali. Tafuta pia alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, na karatasi ya dhamana yenye muhuri.

Bei zinaanzia laki moja na kitu na kupanda hadi laki mbili na nusu kwa za lita 5 na 6. Kwa ya 150,000, ukiokoa kama shilingi 900 kwa kila mlo mgumu na kupika minne kwa wiki, fedha inarudi katika miezi tisa hadi kumi. Tatizo ni kwamba mkaa unauzwa kwa kopo na presha haiuzwi kwa kopo. Mwenye kipato cha siku kwa siku ananunua mkaa wa elfu moja, na hesabu ya miezi kumi haimsaidii kwa sababu leo hana laki na nusu. Mkopo wa kikundi au kulipa kidogo kidogo ndio njia inayofaa, mradi riba isipite kile unachookoa: usikubali marejesho yanayozidi shilingi 15,000 kwa mwezi kwa chombo cha bei hiyo.

Yanayoiua sasa. La kwanza, na linaongoza kwa mbali, ni mtu kumimina maji au mchele moja kwa moja bila sufuria ya ndani. Hutokea usiku, hutokea kwa mgeni, hutokea kwa dada wa kazi ambaye hakuna aliyemweleza. Maji yanashuka kwenye kihisi na bodi. Likitokea, chomoa, pindua, kausha siku mbili juani kabla ya kugusa umeme, nyingine hupona. Njia rahisi ya kujikinga ni kuacha sufuria ya ndani humo wakati wote, hata ikiwa tupu.

Mvuke ukitoka pembeni na presha isipande, tazama mpira: una punje ya wali, umekaa upande, au umekakamaa. Ukitoka katikati, kipini kimeziba na uchafu. Kioshe kwa sabuni na mswaki. Ikizima na kuandika neno la kuungua kabla haijaiva, chini pameshika. Karibu kila mara ni nyanya ya kopo au unga uliotiwa mwanzoni. Weka nyanya juu ya nyama bila kukoroga, au kwangua chini kwa maji kidogo ukishamaliza kukaanga vitunguu. Ikiandika herufi E na namba, ni kihisi. Ikiwa kimya kabisa, bila taa, baada ya kuwashwa tupu, ni fyuzi ya joto chini ya sahani: kifaa kidogo cha bei ndogo ambacho fundi wa redio anakibadilisha kwa nusu saa, ila asikuunganishie waya moja kwa moja kukwepa fyuzi. Wapo wanaofanya hivyo.

Na mende. Chini ya chombo kuna matundu ya hewa, ndani kuna joto na harufu ya supu. Mende wanazaliana kwenye bodi na kuiunguza. Iweke juu ya meza, si sakafuni, na ikikaa siku nyingi bila kazi ifunge kwenye mfuko.

Mama lishe asinunue ya lita 6 akitegemea kulisha watu arobaini. Kwa mpaka wa nusu kwa maharage, lita 6 inatoa lita 3, sahani 12 hadi 15 za mboga. Mbili za lita 8 kwenye soketi mbili tofauti, moja maharage moja nyama, zinafanya kazi asubuhi kabla wateja hawajafika, na jiko la mkaa linabaki kwa wali wa sufuria kubwa na ugali. Anunue na mipira minne ya akiba siku hiyohiyo, kwa sababu kwa zamu tatu kwa siku mpira wake hautafika miezi sita.